Mbwa wa Mama kwenye Ghala la Kahawa

Niliwalewesha mbwa. Ngoja nianze na hilo, rafiki yangu, maana usiponisikia mimi mwenyewe nikilisema utalisikia kwa mtu mwingine, na kule kwetu Muleba kila mtu ana namna yake ya kulisimulia. Wapo wanaosema niliwapa gongo. Uongo. Ilikuwa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tena lubisi iliyoiva vizuri, nusu debe nzima iliyochanganywa na vichwa vya furu, samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa darasa la sita, nina akili nyingi kuliko kazi za kuzitumia, na nilidhani nasaidia.

Kilichonikumbusha ni kimya. Sasa niko kidato cha tatu Bukoba mjini, nakaa Nyanga kwa mama mdogo. Likizo hii nilipanda lori lililokuwa limepeleka kahawa na kurudi tupu, nikashushwa njia panda, nikatembea hadi kijijini na sanduku langu la bati kichwani. Nilipita mbele ya nyumba zote, zile nyumba zilizopangwa kama wanafunzi mstarini, na hakuna mbwa hata mmoja aliyenibwekea. Hebu fikiria. Kijana mgeni, sanduku kichwani, suruali pana chini inayofagia barabara: mbwa yeyote mwenye heshima zake angekuwa na la kusema. Kuku walinitazama, wakaendelea na shughuli zao. Nilipofika mbele ya ghala la zamani la kahawa nikatua sanduku, nikalikalia. Ukuta bado unanuka maganda ya kahawa yaliyolowa mvua. Wengine husikia harufu hiyo peke yake. Mimi nasikia na manyoya.

Hatukuzaliwa pale kwenye mistari. Tulizaliwa mteremkoni, kila mtu ndani ya kibanja chake, na kama hukukulia kibanjani sijui nikueleze vipi. Migomba inakufunika kama mwavuli, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage, na chini ya maharage kuna nyasi ambazo mama zetu wamezibeba kichwani kutoka rweya, kule kwenye mbuga ya wazi, wakazitandaza ardhi isikauke. Mvua ikishakatika, majani yanaendelea kudondosha maji hadi mchana, tap, tap, tap, ukiwa ndani unadhani mvua haijaisha. Nyumba ya jirani huioni. Unajua tu yupo kwa sababu mbwa wake anabweka. Na mbwa hakuwa wa mtu. Mbwa alikuwa wa kibanja, kama mpaka au kaburi la babu.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, huko huko rweya, mahali ambapo wakati wote tulipeleka ng'ombe na kukata nyasi na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kulala. Likaja trekta na tela. Vikapakiwa vitanda, masufuria, mbuzi, bibi yangu na kiti chake. Mbwa wakaruka wapande, wakashushwa kwa mateke. "Hii ni tela ya binadamu," alisema dereva, na mbuzi wetu alikuwa amekaa kwenye godoro letu. Mbwa wakatufuata mbio. Mama alikaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia, akiwaangalia. Walitufuata hadi kijitoni, trekta likavuka, wao wakasimama upande wa pili, na baada ya kusimama wakageuka, kila mmoja akarudi kulinda nyumba ambayo paa lake lilikuwa juu ya tela yetu.

Mwaka huo huo mvua ikagoma. Ndizi zikatoka nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Tukaanza kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na Mhaya kuambiwa ale ugali wa njano ni sawa na kuambiwa avue nguo sokoni. Watu walipanga foleni kwenye duka la kijiji tangu asubuhi, halafu wakaapa wamenunua kwa ajili ya kuku. Na wakati huo mbwa wakaanza kutoka vibanjani. Walikuja mmoja mmoja, mbavu nje, wakajilaza kando ya barabara, kando ya shule, kando ya kanisa, wakitafuta watu waliowajua. Watu waliowajua waliwatupia mawe.

Mama alirudi kule mteremkoni kutafuta kuni, akamkuta Kengele amelala kwenye kizingiti cha nyumba yetu isiyo na paa. Kengele alikuwa mbwa wa kuwindia wa marehemu baba. Bado alikuwa na njuga ya chuma shingoni, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Mama hakurudi na kuni siku hiyo. Alirudi amembeba mbwa mabegani kama mwanakondoo, watu wanamtazama, akaenda moja kwa moja kwenye ghala la kahawa ambalo lilikuwa halina kahawa, akamlaza ndani, akaziba mlango kwa kanga yake.

Ndivyo lilivyoanza. Hakuna aliyelipatia jina. Wiki ile ile wakawa wanne, na mvua za vuli zilipokuja, hizo chache, walikuwa wamejaa ghala. Mimi siwezi kukutajia watu majina, nitachapwa, lakini mbwa nitakutajia, maana niliwabatiza mwenyewe. Alikuwepo Katibu, aliyemfuata kila mtu kila mahali na hakufanya kazi yoyote. Alikuwepo Foleni, jike mvumilivu, ukimwekea chakula anasubiri wote wale kwanza. Alikuwepo Yanga, wa njano kabisa, rangi ya ule unga. Mama alinikataza jina la Katibu mbele za watu, basi mbele za watu tukamwita Ndugu.

Na wasaidizi walikuwepo, usidhani mama alikuwa peke yake. Kila jirani aliyemcheka mama mchana alikuwa na mbwa wake mle ndani, na aliyejua hivyo ni mtoto wake. Watoto walikuja baada ya shule na ukoko wa ugali ndani ya mashati, matumbo yamechomwa na joto lake, wakauliza kwa siri, "Wetu amekula?" Mama mmoja muuza samaki, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka kisiwani Bumbire bila kusimama, alitoka mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotua, na kapu la vichwa na matumbo ya furu, akalitua mlangoni akisema, "Chukueni uchafu wenu, jamani waitu, nguo zangu zinanuka kwa ajili yenu." Kila mara alisema hivyo, na kila mara alikuja. Na alikuwepo mzee jirani yetu, mkamuaji wa lubisi, aliyetutengenezea mlango wa matete. Yeye alisema hapendi mbwa. Alisema anapenda milango.

Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuchemsha chungu kile kikubwa cha vichwa vya samaki na maganda ya ndizi, na kuondoa kupe. Kupe, rafiki yangu! Kwenye mikutano tulifundishwa kwamba kupe ni mnyonyaji anayekula jasho la wengine, na jioni mimi nilikuwa nawabandua wanyonyaji halisi kutoka kwenye masikio ya Yanga na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Sidhani kama kuna mtoto aliyepigana na unyonyaji kuliko mimi.

Lakini maneno yalikuwa mengi. Kwenye foleni ya unga mama alipofika walimpisha kwa dharau.

"Mpisheni, ana wageni wengi."

"Wageni wenye mikia!"

"Mama Mbwa, leo wanakula nini wenzetu? Sisi tunakula yanga, wao si wanakula samaki?"

Mama alishika kikapu chake, akatazama mbele. Katekista naye Jumapili akasali kwa ajili ya wale wanaochukua mkate wa watoto na kuwatupia mbwa. Kanisa zima likageuka kututazama. Mama, bila kuinua macho kwenye rozari, akasema kwa sauti ya kufika benchi tatu mbele na tatu nyuma, "Asome na mstari unaofuata." Mstari huo unasema hata mbwa hula makombo ya mezani. Nilicheka hadi nikatolewa nje.

Ambaye sikuweza kumcheka alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Binti yake mdogo aliumwa na mbwa njiani kwenda kisimani. Hakuwa mbwa wetu. Hakuna aliyejua ni wa nani. Mtoto akapelekwa Bukoba kuchomwa sindano za tumbo, nyingi, moja kila siku, na baba yake alikaa naye kule akimshika mikono. Aliporudi alikuja ghalani, akasimama nje ya mlango wa matete.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe."

"Najua, Ndugu Balozi."

"Lakini nilimshika mtoto yule. Wewe hukumshika."

Mama alimkaribisha akae, akampa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, balozi akaipokea mkononi, hakuitia mdomoni, akaondoka nayo.

Basi likaitishwa baraza la kijiji. Ama mbwa wachanjwe na ghala liendelee chini ya usimamizi wa mama, ama waondolewe, na neno kuondolewa kila mtu alilielewa, maana mgambo walikuwa wameshapewa bunduki. Bwana mifugo angekuja kutoka Muleba na sanduku lake la chanjo. Wanaoamua ni kijiji kizima kwa kunyoosha mikono, ila nikuambie ukweli, mikono ya kijiji ilikuwa inafuata mikono ya wazee. Mama aliacha kula. Alikuwa anazungumza na chungu cha samaki akikikoroga, akijaribu maneno atakayosema, anayafuta, anaanza tena.

Ni yule mzee wa lubisi aliyesema tusiogope. Angekamua. Aliivisha ndizi zake za mwisho, za mwaka wa njaa, shimoni chini ya majani, akazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wake wa kukamulia, sisi watoto tukinyonya vidole, akatia mtama uliokaangwa, akafunika. "Baraza likifunguliwa naweka kibuyu katikati," alimwambia mama. "Wazee wakionja wakiwa wamekaa pamoja, moyo unalainika. Hakuna mzee anayeonja lubisi yangu akakataa ombi la jirani yangu." Na hapa lazima nikueleze kitu, kama hukutoka kwetu. Lubisi ya wazee haionjwi. Mkamuaji mwenyewe haonji. Mke wake haonji. Kibuyu cha kwanza kinakwenda kwa wazee, mkubwa wao anaanza, ndipo wengine wapate. Nilijua hivyo. Mtoto wa miaka minne kwetu anajua hivyo.

Siku yenyewe asubuhi mama aliniita. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. "Mimi nakwenda uwanjani kuwapokea. Wewe kaa na mbwa. Leo wasibweke, wasilie, wasisikike. Watu wakisikia kelele wataogopa kabla sijasema. Unanisikia? Leo tu."

Nikabaki na mbwa. Na mbwa, kwa kuwa walinusa wageni, walianza kulia wote. Niliwabembeleza. Niliwaimbia. Niliwahubiria kama katekista, wakazidi. Ndipo nikamkumbuka mjomba wangu, ambaye akinywa lubisi jioni unaweza kumpitishia trekta kifuani asiamke. Nyumba ya mzee ilikuwa jirani, mwenyewe ameshabeba kibuyu kwenda uwanjani, na mtumbwi ulikuwa umefunikwa majani ya mgomba, zaidi ya nusu bado imo. Nikachukua debe. Debe lipi? Lile lile la kulishia mbwa, rafiki yangu, lenye magamba ya samaki pembeni. Nikalizamisha, nikatupia na vichwa vya furu.

Walikunywa vizuri sana. Kengele peke yake alinusa akageuza uso, akaenda kulala mlangoni. Waliobaki walilamba hadi chini, wakalamba debe, wakalamba mikono yangu. Kisha wakalala. Kimya kabisa. Nikajisifu. Nikafunga mlango, nikakimbilia uwanjani nisikose kumsikia mama.

Mama alisema vizuri. Hakutumia hata neno moja la yale aliyofanyia mazoezi chunguni. Alisema, "Hawa ni mbwa wenu. Mimi sina mbwa hata mmoja isipokuwa yule mzee wa mume wangu. Wengine mliwaacha kijitoni, mimi nimewashikia tu. Sitaki kura ya kunipenda. Nataka wachanjwe, mtoto wa balozi na mtoto mwingine yeyote apite njiani bila hofu." Akakaa. Muuza samaki akapiga vigelegele hadi mwenyekiti akamwomba anyamaze. Bwana mifugo akasema dawa anayo, hapa hapa, inatosha. Nikamtazama balozi, na naapa kwako, alikuwa anatazama chini kama mtu anayefikiri. Kibuyu kilikuwa katikati, kimezungukwa na wazee kwenye vigoda. Mwenyekiti akasema, "Basi wazee waonje, halafu tupige kura."

Hapo ndipo mtu nyuma alipiga kelele.

Mlango wa matete ulikuwa umelaliwa hadi ukaachia. Walikuja wote. Yanga mbele, anakwenda upande upande kama mtu anayebeba kabati, povu limejaa mdomoni. Nyuma yake Foleni, kwa mara ya kwanza maishani hasubiri mtu, anajigonga kwenye miguu ya watu na kuanguka. Katibu alitembea moja kwa moja hadi meza kuu, akamtazama mwenyekiti usoni kwa huzuni kubwa, akamtapikia viatu.

"Kichaa! Wana kichaa!"

Sijawahi kuona kijiji kikipanda juu ya vitu haraka namna ile. Watu walipanda benchi, walipanda meza, katekista alipanda mgongo wa mtu. Balozi alimnyakua binti yake akamweka shingoni. Mgambo akapiga goti, akaelekeza bunduki. Na mama yangu, na gauni lake la Pasaka, alikimbia akasimama kati ya bunduki na Yanga, mikono ameitandaza, na Yanga akaegemea miguu yake kwa sababu hakuweza kusimama bila kuegemea kitu.

"Ondoka, mama!" alisema mgambo. "Nitapiga!"

Nilisikia sauti yangu ikitoka. "Hawana kichaa! Wamelewa! Nimewapa pombe mimi!"

Bwana mifugo akanitazama mimi, akatazama mbwa. Akaenda taratibu, akainama, akamfungua Yanga mdomo kwa vidole viwili, akanusa. Akanyanyuka. "Ni kweli," akasema. "Hii ni lubisi."

Walicheka, rafiki yangu. Walicheka kijiji kizima. Walishuka kwenye meza wakicheka, wanaume walishikana mabega, muuza samaki alikaa chini kwa kukosa pumzi, hata binti wa balozi kule juu shingoni alicheka na kunyoosha kidole. Mgambo akashusha bunduki. Nami, mpumbavu, nikainama kama mwigizaji jukwaani. Nilidhani nimewaokoa. Kwa muda ule mfupi, nakuambia, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Muleba nzima. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mzee wa lubisi.

Mzee alikuwa amesimama. Alingoja hadi kicheko kikakonda.

"Lubisi ya nani, mjukuu wangu?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa hodari wa kudanganya. Lakini hakuna aliyekuwa amekamua isipokuwa yeye.

"Ya mtumbwini kwako, mzee."

"Uliitoa na nini?"

Debe lilikuwa bado mkononi mwangu. Nililibeba tangu ghalani, sijui kwa nini, na kila mtu alikuwa analiona, na magamba yake.

"Mbwa wameonja," alisema mzee mmoja pale kwenye vigoda, taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Wazee hawajaonja. Mbwa wameonja."

Hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga kelele. Mkubwa wao akanyanyuka, akachukua kibuyu, ndizi za mwisho za jirani yetu za mwaka wa njaa, akakimimina chini hadi tone la mwisho. Ardhi ilikuwa kavu, ikanywa yote. Kisha wakachukua fimbo zao, mmoja baada ya mwingine. Mzee wetu alibaki amesimama na mikono mitupu. Mama alikwenda akapiga magoti mbele yake hadharani, akamwambia kwa Kihaya maneno ambayo sikuyasikia yote. Mzee alimwinua kwa kiwiko. Akasema, "Sina hasira na wewe. Lakini siwezi kuinua mkono. Ningeuinua vipi?" Naye akaondoka.

Kura ilikwisha upesi. Mkono wa muuza samaki ulikuwa juu, na mkono wa mama, na mikono ya watoto, ambayo haihesabiwi. Balozi hakuinua mkono wake upande wowote. Mwenyekiti alisema kesho, baada ya misa. Bwana mifugo alifunga sanduku lake la chanjo, akamwambia mama, "Kijiji kimeamua, dada," akavuta baiskeli yake, kisha akarudi hatua chache akauliza kama angependa sumu badala ya bunduki, ni tulivu zaidi. Mama alikataa sumu.

Asubuhi mbwa walikuwa na kiu na macho mekundu kama mjomba Jumapili. Walikunywa maji mengi. Mama aliwachemshia chungu cha mwisho, akatia na chumvi, kitu ambacho mwaka ule hata sisi hatukuwa nacho. Mgambo walipokuja mbwa hawakutaka kuwafuata, wakajibana ukutani. Mmoja akaanza kuwavuta kwa kamba. Mama akasema, "Acha. Wewe hawakujui." Akaingia mwenyewe. Aliwatoa mmoja mmoja, akimwita kila mmoja jina nililompa mimi kwa mzaha. Hata Katibu alimwita Katibu, mbele ya katibu. Walimfuata wakitikisa mikia, kwa sababu kila alipowaita siku zote ilikuwa chakula. Foleni alikaa chini mlangoni akasubiri wote wapite kwanza.

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nimeziba masikio, lakini njuga ya Kengele niliisikia ikitembea polepole na hatua za mama, halafu ikasimama. Kengele hakunywa hata tone. Hakuna aliyeuliza.

Watoto waliokuwa wanaleta ukoko walikuwa wamepanga mstari barabarani, bila kupangwa na mtu. Muuza samaki alipita na kapu lake kichwani likiwa limefunikwa majani, anakwenda mwaloni, hakusalimia mtu. Kapu lililia kidogo, sauti ya kitu kidogo sana. Nataka kuamini nilisikia sawa. Sijawahi kumuuliza, na Bumbire sijafika.

Sasa ghala lina kufuli la kijiji na ndani hamna kitu. Nguruwe wa porini wanashuka kwenye shamba la ujamaa kula mihogo, na balozi na wenzake hukaa zamu wakigonga madebe, kazi ambayo Kengele na jicho lake moja angeifanya akiwa amelala. Vibanja vya mteremkoni vimerudiwa na baadhi ya watu kimyakimya. Wanapalilia, wanatandaza nyasi, jioni wanarudi mistarini. Mzee wetu hakamui tena. Anatengeneza milango. Akiniona ananisalimia vizuri, na hilo ndilo baya. Ukikaa jioni pale kijijini unasikia redio ya mwenyekiti, unasikia mtoto analia, unasikia mvua inakuja kutoka ziwani. Nyumba ya jirani huhitaji kuisikia tena, unaiona. Lakini hakuna kinachobweka.

Huko shuleni hiki ndicho kisa changu bora. Bwenini wananiomba kila muhula, na wale wa kidato cha kwanza huletwa makusudi wanisikilize. Naigiza Yanga na kabati lake, naigiza katekista mgongoni, na nikifika kwenye viatu vya mwenyekiti kuna watu huanguka kitandani. Huwa naishia pale kijiji kizima kinapocheka. Hakuna aliyewahi kuuliza kilichofuata.

Jioni ya Jumapili ile mama aliosha chungu, akakigeuza kikauke, akavua gauni la Pasaka akalikunja. Nilikuwa nimekaa mlangoni nangoja fimbo. Niliitaka. Hakuniletea fimbo. Alikaa kando yangu, mikono yake inanuka samaki, akasema:

"Kesho nenda shule. Wakikuuliza mbwa wako wapi, waambie. Ila usiwachekeshe."